Akaunti yako ni frem: jinsi ya kutumia mitandao kwa kazi uliyoikusudia na kulinda jina lako

Kabla hujaendelea kusoma chukua simu, fungua Google, andika majina yako mawili kama yalivyo kwenye cheti chako cha form four afu angalia kinachotoka. Usiangalie kwa haraka, shuka mpaka chini, bonyeza na sehemu ya picha. Ulichokiona hapo ndo anachokiona mtu anayetaka kukupa kazi, mteja anayetaka kukutumia elfu themanini kabla hajaligusa gauni, mwenye nyumba anayetaka kumjua mpangaji wake mpya, na mama mkwe mtarajiwa pia.

Mi nilifanya hivyo mwaka 2022 baada ya mteja mmoja kuniambia ukweli. Alikuwa anatafuta mtu wa kushona sare za sendofu, watu kumi na wanne, shoga yake akamwelekeza kwangu Sinza, ila kabla hajanipigia akanitafuta kwanza mtandaoni. Akakuta peji yangu ya zamani ina namba isiyopatikana, akakuta akaunti ya Facebook ya tangu niko sekondari, na akakuta nimemtukana mtu kwenye komenti za mechi ya watani. Akaniambia, dada mi nilitaka kughairi, nimekuja kwa sababu ya shoga yangu tu. Iliniuma sana, maana nikajiuliza wangapi wameghairi na hawakuniambia kitu.

Toka siku ile nimekaa na hili jambo nikalifanyia kazi taratibu, na wadogo zangu na mafundi wenzangu wamekuwa wakiniuliza nimefanyaje, kwaiyo nimeamua kuandika yote hapa kwa mpangilio. Wazo langu ni moja tu. Ukipanga frem ya duka Kariakoo unalipa kodi ya miezi sita au mwaka mzima mbele, hakuna mtu anafungua frem afu anakaa mlangoni kutazama wapita njia mpaka jioni, anafunga anarudi Mbagala. Lakini kwenye simu ndo tunavyofanya kila siku. Akaunti nayo ni frem, kodi yake ni bando na masaa yako, na jina lililoandikwa juu ya mlango ni la kwako hata siku ambayo haupo. Basi kila frem iwe na kazi inayojulikana, isiyo na kazi irudishwe funguo.

Hatua ya kwanza: daftari

Chukua daftari la kawaida la karatasi, usitumie simu kwa hili maana ukishaishika simu utapotelea humohumo. Andika akaunti zote ulizowahi kufungua, WhatsApp, Facebook, Instagram, TikTok, X, LinkedIn, ile barua pepe ya kwanza uliyofunguliwa na kaka yako, hata zile za mitandao ya kutafuta wachumba, usione aibu, daftari ni lako. Kama umesahau nyingine fungua imeli yako utafute neno karibu au lile la Kiingereza la kukaribisha, welcome, mitandao mingi ilikutumia barua siku ile unajiunga na utashangaa zilivyo nyingi.

Mbele ya kila akaunti andika vitu vitatu: kazi yake, imeli au namba ya simu iliyofungulia, na mara ya mwisho kuitumia. Hapo kwenye kazi usiandike "kujifurahisha" kwa kila kitu. Kujifurahisha ni kazi halali kabisa, mi TikTok yangu kazi yake ni mapishi na kucheka na sijaificha, ila ukiona akaunti tano zote kazi yake ni hiyohiyo basi nne hazina kazi.

Na hapo kwenye namba ya simu ndo naomba utulie. Laini ikikaa muda mrefu bila kutumika inafungwa na namba inakuja kuuzwa kwa mtu mwingine. Yule mtu hana kosa lolote, kanunua laini yake mpya kihalali kabisa, ila akijaribu kufungua Facebook kwa ile namba anaambiwa tayari kuna akaunti, akiomba namba za uthibitisho zinaingia kwenye simu yake, na ghafla yuko ndani ya akaunti yako. Mimi ndo ilivyonikuta. Kuna kijana alikuwa anaposti mambo yake kwenye akaunti yangu ya sekondari karibu mwaka mzima na mimi sina habari, ndugu zangu wa kijijini wanadhani nimebadilika tabia. Kwaiyo akaunti yoyote inayoshikiliwa na laini uliyoitupa, hamishia namba unayotumia sasa hivi, leo. Na ukiwa hapo piga *106# uangalie ni namba ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chako cha NIDA, ukikuta usiyoijua nenda kwa mtoa huduma wako uikatae.

Akaunti isiyo na kazi ifute kabisa, usiiache tu. Kabla ya kufuta pakua picha zako maana kuna za marehemu bibi humo hutazipata tena kokote. Facebook ukiomba kufuta wanakupa siku 30 za kughairi na TikTok nao ni siku 30, ndani ya siku hizo usiingie hata kuchungulia maana ukiingia unaweza ukajikuta umeirudisha.

Hatua ya pili: jitazame kama mgeni

Ukiwa ndani ya akaunti yako unaona vitu kama mwenye nyumba. Toka kwenye akaunti, au tumia ule ukurasa wa siri wa kivinjari usiokumbuka kitu, afu jitafute jina lako, namba yako ya simu, jina la biashara yako, na yale majina ya utani ya zamani kina baby nanii wa Tandika. Piga skrini shoti kila usichokipenda. Afu muombe mtu asiyekufuata, mimi nilimuomba fundi wa ofisi ya jirani, aangalie peji yako dakika moja tu akwambie wewe ni mtu wa aina gani. Atakachosema kitakuuma kidogo, kipokee tu.

Kufagia sasa. Facebook ina sehemu kwenye setingi za faragha ya kubana posti zote za zamani kwa mara moja, zilizokuwa za dunia nzima zinabaki kwa marafiki tu, inakuokolea masaa mengi sana. Instagram picha usiyotaka ionekane unaweza kuiweka kwenye kumbukumbu bila kuifuta, inabaki kwako peke yako, na hata ukiifuta inakaa siku 30 kwenye sehemu ya vilivyofutwa kabla haijaondoka moja kwa moja, kwaiyo fanya bila woga. Halafu washa ile ya kukagua kwanza kabla mtu haja­kutagi, maana kuna rafiki zetu wa kwenye sherehe wanatagi watu kumi na tano kwenye picha ambayo wao peke yao ndo wametoka vizuri.

Picha iliyopostiwa na mwingine muombe aitoe, kwa upole, inboksi, usimwandikie hadharani. Mi niliandika hivi: "Habari za siku nyingi, naomba sana ile picha yetu ya 2014 uniondolee, sa ivi natafuta wateja na sipendi iwe ya kwanza kuonekana, asante mpendwa." Watatu kati ya wanne walitoa siku hiyohiyo. Kama ni kampuni ndo inatumia picha yako au namba yako bila ruhusa, tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, imeanza kutumika Mei 2023, na kuna Tume yake inayopokea malalamiko. Na sheria hiyo inakuhusu na wewe unayewapiga wateja picha wakiwa wanajaribu nguo. Omba kwanza, na akisema usiniweke usimuweke.

Hatua ya tatu: funga milango

Hii ni hatua ambayo watu wanairuka na ndo inayoliza watu, kwaiyo nitaisema kwa urefu.

Anza na imeli. Imeli ndo mama wa akaunti zote, anayeishika imeli yako anabonyeza umesahau paswedi kwenye kila mtandao na anaingia kote ndani ya nusu saa. Ipe paswedi yake peke yake ambayo haipo popote pengine. Mi natumia maneno manne ya Kiswahili yasiyohusiana yameungana na namba katikati, ni marefu ila nayakumbuka. Jina la mtoto na mwaka aliozaliwa sio paswedi, umeshaposti birthday yake mara sita.

WhatsApp inaibiwa kwa njia rahisi sana. Unapata meseji kutoka kwa mtu unayemjua kabisa, shangazi yako au mwanakwaya mwenzio, anakwambia kuna namba sita zimekuja kwako kwa bahati mbaya naomba nitumie. Shangazi keshaibiwa yeye, huyo anayekuandikia ni mwizi, na zile namba sita ndo ufunguo wa WhatsApp yako. Ukimtumia, dakika tano baadae ndugu zako wote wanaombwa laki mbili za dharura kwa jina lako. Hizo namba hapewi mtu, hata anayesema ni mhudumu wa kampuni. Dawa yake ingia setingi, akaunti, washa uthibitishaji wa hatua mbili, weka PIN ya tarakimu sita na uweke na imeli ya kuokolea ukiisahau. Inachukua dakika mbili.

Halafu kuna stesheneri. Unaenda kuprinti barua, unafungua WhatsApp kwenye kompyuta yao, unaprinti, unalipa mia mbili, daladala inaita unaondoka. Meseji zako zimebaki pale. Ingia sasa hivi sehemu ya vifaa vilivyounganishwa, chochote usichokitambua kiondoe. Mwenzangu mmoja alikuta kompyuta ya stesheneri ya Mwenge bado imeungana na simu yake na hata hakumbuki alienda lini.

Instagram na Facebook nazo washa hatua mbili, na ukiweza tumia apu ya kutengeneza namba kama Google Authenticator badala ya meseji, maana meseji inategemea laini na laini inaweza kuibiwa. Watakupa orodha ya namba za akiba za kuingilia siku simu haipo, ziandike kwenye lile daftari.

Na simu yenyewe. Hapa Dar tunajua wote, umekaa dirishani kwenye daladala foleni ya Ubungo unaangalia stori, mkono unaingia, simu imeenda. Piga *#06# uandike IMEI yako, ile namba ya utambulisho wa simu yenyewe, kwenye daftari leo, utaihitaji kituoni. Weka PIN kwenye laini ya simu, sio kwenye skrini peke yake, ili mwizi akiitoa laini akaiweka kwenye simu nyingine isiwake. Watu wengi hawajui hili na ndo njia wezi wanayotumia kupokea namba zako za uthibitisho na kuingia mpaka kwenye hela.

Hatua ya nne: posti ukiwa unajua unaongea na nani

Hapa inategemea frem yako ni ya nini.

Kama unauza, andika bei. Naomba sana. "Bei njoo DM" inakupotezea wateja wengi kuliko unavyodhani, mtu yuko kwenye mwendokasi amesimama ameshika bomba kwa mkono mmoja, hana nafasi ya kuanza kuchati habari dada mambo vipi shilingi ngapi. Na anayeona umeficha bei anahisi unataka kumpima sura kwanza. Mi niliogopa kwamba washindani wataniona, wakaniona kweli, na wateja nao wakaniona. Andika bei, saizi zilizopo, uko wapi kwa maelezo ya mtu wa Dar, yaani mtaa na jirani yako ni nani na ghorofa ya ngapi, boda mpaka kwa mteja ni shilingi ngapi takriban, na mikoani mzigo unaupandisha basi gani pale stendi ya Magufuli siku gani. Instagram inakupa herufi 150 tu za kujieleza juu ya peji, usizimalize kwa mistari ya kujisifu, weka unachouza, ulipo, na namba.

Picha piga mwenyewe. Toa nguo nje mlangoni saa nne asubuhi kabla jua halijawa kali, ukutani pasiwe na vurugu, basi. Ukichukua picha ya kwenye mtandao ya mwanamitindo wa nje afu mteja akapokea kitu kingine, hatarudi, na atawaambia wenzake kwenye grupu la vikoba.

Usihesabu laiki. Kila mteja anayelipa muulize umenijulia wapi, andika kwenye daftari. Nilivyofanya hivyo miezi mitatu niligundua wengi walitoka kwenye stetasi za WhatsApp na kwa kuambiwa na wenzao, wakati mimi nilikuwa namaliza bando kwenye video ambazo zilipata watazamaji wengi na hakuna hata mmoja aliyeleta kitambaa. Nikageuza. Kwa anayeuza kidogokidogo kama mimi WhatsApp Business inatosha kabisa, ina katalogi ya bidhaa, ina majibu ya haraka ya yale maswali yaleyale, ina lebo za kujua nani kalipa na nani bado. Ile orodha ya matangazo inabeba watu 256 kwa orodha moja, ila kuna kitu lazima ujue, asiyesevu namba yako haipati hiyo meseji hata kama wewe umemsevu. Kwaiyo kila unapokabidhi mzigo mwambie, dada nisevu ili upate mizigo mipya.

Kama unatafuta kazi, mambo ni mengine. Mdogo wangu alimaliza chuo akawa anaposti misemo ya mafanikio kila asubuhi, nikamwambia hayo anaandika kila mtu. Tulikaa tukatengeneza LinkedIn yake, majina yaleyale ya kwenye vyeti na NIDA maana hata Ajira Portal ya serikali inafuata hayohayo na ukijiita majina tofauti kila mahali unawasumbua wanaokutafuta, picha moja ameegemea ukuta mweupe, na badala ya "kijana mchapakazi" akaandika alichofanya fildi, yale mafunzo ya vitendo ya chuo: alihesabu nini, alitengeneza ripoti gani, kwa programu gani, kwa wiki ngapi. Afu awe anakomenti kwenye posti za watu wa fani yake, komenti yenye kitu ndani, sio "hongera mkuu". Mara moja au mbili kwa wiki inatosha.

Na kama wewe mtandao wako ni wa ndugu na marafiki tu, funga akaunti iwe ya wanaokubaliwa, furahia maisha yako. Nina ombi moja tu, mtoto akiwa na sare za shule usimposti. Beji ya shule inaonekana, jina umeandika juu, na saa ya kutoka shule inajulikana na kila mtu. Vivyo hivyo vitambulisho, ukiokota NIDA ya mtu usiipige picha nzima ukaimwaga kwenye magrupu na namba inasomeka, ziba namba, acha jina, mwenye nayo atajitambua.

Hatua ya tano: muda

Zima notifikesheni zote isipokuwa simu, meseji za wateja na za nyumbani. Zote kabisa. Simu isikuite, wewe ndo uiite.

Kabla hujafungua apu sema kwa sauti unaenda kufanya nini, hata kama watu wanakuangalia: naenda kuposti kitenge kipya, naenda kumjibu Mama Asha. Ukimaliza toka. Mi nina nyakati mbili, saa tatu asubuhi na saa moja jioni, dakika ishirini ishirini, kwenye WhatsApp ya biashara nina ujumbe wa kujijibu wenyewe unaosema nipo cherehani nitakujibu kabla ya saa mbili usiku. Hakuna mteja amewahi kukasirika kwa hilo. Wanachokasirikia ni kuonekana uko hewani na hujibu. Usiku simu inalala sebuleni, na saa ya kuniamsha nilinunua Kariakoo elfu tano.

Na ambao posti zao zinakuacha unajisikia mnyonge, unawaonea wivu au unawachukia, wanyamazishe. Sio lazima kumwacha mtu au kumbloku ikawa ugomvi wa ukoo, kunyamazisha hajui na wewe unapumua.

Hatua ya sita: mdomo

Yale matusi yangu ya kwenye mechi niliyaandika kwa sekunde kumi. Siku hizi nikikasirika naandika kila kitu ila kwenye daftari, nikishakunywa chai narudi kusoma, sijawahi hata mara moja kuona ni vizuri kuposti. WhatsApp inakuruhusu kuhariri meseji ndani ya dakika 15 na kuifuta kwa wote ndani ya siku mbili na kidogo, lakini skrini shoti inapigwa kwa sekunde moja, na magrupu yetu tunayajua.

Kuhusu kusambaza habari, nataka uwe makini kuliko hata mambo mengine yote niliyosema. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inasema anayechapisha taarifa akijua ni za uongo au za kupotosha, kwa nia ya kukashifu, kutisha au kudanganya umma, adhabu yake ni faini isiyopungua milioni 5 au kifungo kisichopungua miaka 3 au vyote viwili. Yale maneno ya "nimeiforwadi kama nilivyopokea" usiyafanye ngao, usisubiri kwenda kueleza kituoni kwamba hukujua. Taarifa ya msiba, ya mtoto aliyepotea, ya benki kufungwa, ya dawa, piga simu kwanza kwa mtu anayehusika au tafuta kwenye akaunti rasmi ya taasisi yenyewe. Ukikosa uthibitisho ibaki kwako. Na ukiwa admini wa grupu futa unachoona ni cha uongo na useme kwa nini umefuta, usinyamaze.

Hatua ya saba: usiweke kila kitu kwenye frem ya mtu

Tarehe 4 Oktoba 2021 Facebook, Instagram na WhatsApp zilizimika dunia nzima kwa karibu masaa sita. Mei 2025 X ilifungwa hapa kwetu na waliokuwa wamejenga wateja wao wote kule wakabaki wanahangaika. Peji ni ya mwenye mtandao, wewe ni mpangaji tu. Kwaiyo kila mwisho wa mwezi mi nahamisha majina na namba za wateja kwenye daftari langu pamoja na vipimo vyao, kifua, kiuno, urefu. Siku mtandao haupo napiga simu ya kawaida au natuma meseji ya kawaida na kazi inaendelea. Hakikisha tu unazitunza vizuri, namba za watu ni amana, hauuzi na haumpi mtu.

Ikitokea shida

Mtu akifungua peji feki kwa jina lako na picha zako, anaongeza nukta moja tu kwenye jina na wateja hawagundui, anapokea hela anaondoka. Imetokea kwa mwenzetu mmoja hapa Sinza na wateja watatu walikuja kumdai yeye. Ili kujikinga, pini posti moja juu inayosema malipo ni kwa lipa namba hii tu na jina litakalotokea ni hili tu, na kwenye kila picha andika jina lako katikati ya nguo, sio pembeni ambako inakatwa. Ikishatokea, piga skrini shoti kabla hajafuta, pamoja na jina la akaunti lenyewe na namba ya simu anayopokelea hela, ripoti kwenye mtandao husika kama mtu anayejifanya wewe na waombe na rafiki zako waripoti, tangaza kwenye stetasi, afu nenda kituo cha polisi uchukue RB, ile namba ya taarifa yako. Ile namba ya tapeli, na zile za "ile hela tuma kwenye namba hii", unazituma kwenda 15040 bure.

Simu ikiibiwa, wa kwanza kupigiwa ni mtandao wa laini yako ili wafunge laini na akaunti ya pesa, hata kabla hujalia. Wa pili kituoni na ile IMEI. Halafu nenda kwa wakala karejeshe laini kwa NIDA na alama ya kidole, weka WhatsApp kwenye simu yoyote ya kuazima ili iondoke kwa mwizi, na kwenye imeli uondoe kile kifaa kilichoibiwa na ubadilishe paswedi. Kama ulifanya hatua ya tatu haya yote yanaisha ndani ya nusu siku.

Mi kila Jumapili jioni nikishapanga vitambaa vya Jumatatu nakaa na daftari dakika kumi, najitafuta jina Google, naangalia vifaa vilivyounganishwa, naangalia nani kanitagi, na naandika wiki ijayo nitaposti nini na kwa bei gani. Wiki iliyopita yule mteja wa sendofu alinitumia dada yake, gauni la komunio la mtoto, na alipofika hakuniuliza bei wala njia, alikuwa keshasoma vyote kwenye peji.